Muhuri Nilioupiga Saa Saba

Chumba Namba 6, Ghorofa ya Kwanza,
Juu ya Duka la Miwani,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, maana nimeitoa nikiwa nimesimama, ndipo nikakaa kuandika. U hali gani huko? Goti la kushoto limetulia, au bado linatabiri mvua kuliko wale wa kwenye televisheni? Na wale wazee unaowauguza, yule bibi anayekuita kwa jina la marehemu dada yake bado anakung'ang'ania mkono usiondoke? Mwambie nimemsalimu. Bibi wa aina hiyo hunipenda popote alipo, hata kabla hajaniona.

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mkwe wako mwalimu anakohoa vumbi la chaki na kusahihisha madaftari, ndiyo maisha yake. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kwa pengo kuliko refa. Mimi presha imepanda kidogo. Daktari ananikataza chumvi, nami namkataza kunikataza, tumefika hapo.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Simu ipo, na salio ninalo. Lakini unanijua, Dada. Kwenye simu nikisikia tu pumzi yako naanza mzaha, nawe unacheka, tunaagana kabla sijafika kwenye jambo. Si ndiyo maana mliniita Redio tangu nina miaka mitano? Karatasi haicheki. Nimeamua kukaa nayo mezani, mimi na yeye, mpaka mmoja wetu aseme ukweli.

Kwa miezi mitatu kila uliponiuliza habari za ofisi ya mwanao nilikujibu kwamba inapaa. Nilikudanganya. Ofisi ilikuwa imeshakufa, tulikuwa tu hatujaizika. Kesho Jumatatu mwanao anarudi kazini kwa wale mabwana wa ghorofa ya tisa, na aliyemrudisha huko ni mimi ndugu yako.

Nianzie mbali, maana kuanzia karibu sikufundishwa.

Unakumbuka alipokuwa kule ghorofa ya tisa mara ya kwanza. Sote tulijisifu, na mimi nilijisifu kwa niaba ya wale ambao hawakuwa na nafasi. Wakili kwenye jengo la vioo, mlango unafunguka kwa kadi, kahawa inatoka ukutani. Jambo ambalo hukuliona kwa kuwa uko mbali ni hili: saa ya kule wameikata vipande kumi, na kila kipande kina mteja wake wa kukilipia, hata kile cha kwenda msalani lazima kiandikwe jina la mtu. Mpwa wangu alikuwa akitoka mtoto amelala na akirudi mtoto amelala. Mjukuu wako, wakati huo ana miaka minne, alikuwa akiamka asubuhi anakwenda moja kwa moja bafuni kugusa mswaki wa mama yake. Ukiwa umelowa, anajua mama alilala nyumbani. Ukiwa mkavu, anarudi kimya kunywa chai. Niliyemkuta akifanya hivyo ni mimi. Nilimwambia mama yake. Mwezi ule ule akaandika barua ya kuacha kazi.

Ndipo akafungua hii ofisi juu ya duka la miwani. Vyumba viwili, madirisha mawili, feni moja yenye kigugumizi. Rangi nilipaka mimi, na ukiona bati la jina pale chini limepinda kidogo, mwambie anayekuuliza kwamba nilikusudia. Akaniambia, "Mjomba, utakuwa karani wangu." Mimi, Dada. Mimi niliyeachia darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa akiona wivu. Niliyeendesha lori kuvuka mipaka minne, nikala meza moja na mawaziri na chini ya lori moja na mafundi wa spana. Nilinunua mashati matatu ya mikono mirefu. Mtaa mzima ulijua kabla ya jioni.

Siku ya kwanza alichana karatasi ya kalenda ya mwaka jana, akaigeuza, akaandika kwa kalamu nyekundu nene, akaibandika ukutani juu ya birika. Nakuandikia kama ilivyo:

Hatumtoi mtu nyumbani kwake.
Saa saba mtoto anachukuliwa shule, hata jaji akiwa mezani.
Hatusaini tusichokisoma.
Ijumaa saa kumi mlango unafungwa.

Mimi nikaongeza kwa penseli: "Karani anywe chai kila anapoona inafaa." Alicheka mpaka akakaa chini. Akaiacha.

Lile la pili usilichukue kwa ubaya, Dada. Wewe uliondoka akiwa na miaka saba, na uliondoka kwa sababu njema. Kila mtu anajua ni mgongo wako uliomsomesha. Aliyekuwa akimchukua shuleni ni mimi, na unajua nilivyokuwa. Natoka nyumbani mapema, njiani nakutana na mtu, hadithi inaanza, hadithi inazaa. Nikifika getini namkuta yeye peke yake, amekalia mkoba wake, mlinzi amekwishafunga. Hakuwahi kulia. Alikuwa akiniuliza tu, "Mjomba, ulikuwa unasimulia?" Basi. Mtu aliyekaa juu ya mkoba miaka minane, akipata mtoto wake, anaandika saa saba kwa wino mwekundu.

Na ilifanya kazi, usidhani ilikuwa ndoto ya mchana. Mwaka mmoja na nusu. Alifanya kesi za mirathi, za watu kuasili watoto, za wafagiaji waliofukuzwa bila barua. Saa saba kamili anafunga faili, anavaa viatu vyake vya raba, anatembea dakika kumi na tano hadi shule. Saa nane yuko mezani na mtoto anachora pembeni. Alinenepa, Dada. Alianza kuimba akipanga makabati. Sauti ni mbaya, kakurithi wewe, lakini aliimba.

Sasa nije kwenye muhuri.

Ofisi yoyote ya wakili ina muhuri wa kupokelea karatasi. Wa kwetu ulikuwa na mpini wa mbao, umeandikwa IMEPOKELEWA, chini yake jina la ofisi, na katikati gurudumu dogo la tarehe ninalolizungusha kila asubuhi kwa kidole gumba. Nimeshika usukani, nimeshika bunduki ya mgambo, nimewahi kushika mkono wa mwanamke mmoja ambaye nikimtaja utazimia. Hakuna kitu kilichonipa raha kama ule muhuri. Mlio wake tu. Mwanao aliniambia siku ya kwanza, "Mjomba, huo ukipigwa, ofisi imeitikia. Usiupige mpaka nikuambie." Nikasema nimekuelewa, na niliamini nimeelewa.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tano. Saa saba na dakika mbili, mwanao ameshatoka kwenda shule. Joto. Mimi nimekaa kwenye kiti chake, kwa sababu kiti chake ndicho kilicho mbele ya feni. Nimevaa shati la mikono mirefu na miwani niliyoazima kwa jirani wa chini ili nisome gazeti. Akaingia bwana mmoja wa makamo, viatu vinang'aa, faili nene kwapani. Akanitazama, akatazama vitabu nyuma yangu.

"Wewe ndiye wakili?"

Nikamwambia, "Karibu ukae."

Sikusema ndiyo. Lakini, Dada, sikusema hapana.

Akakaa. Akaniita mheshimiwa. Akasema, "Mheshimiwa, nimeambiwa ofisi yenu haina kelele, na mahakimu wanaiheshimu." Nikamjibu kwamba kelele tumewaachia wenye kazi mbovu. Akacheka. Nikamimina chai. Akasema, "Shida yangu ni fupi. Nina jengo. Lina watu. Nataka jengo bila watu."

Karatasi ya kanuni ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Mstari wa kwanza kabisa, wino mwekundu, ulikuwa unanitazama juu ya upara wake. Niliusoma. Nikajiambia, kusikiliza si kukubali, acha kwanza amalize chai, halafu nitamwambia kwa lugha ya kikubwa kwamba sisi hatufanyi hayo. Ukweli ni kwamba hakuna mtu mwenye viatu kama vile aliyewahi kuniita mheshimiwa, nami nilitaka aniite tena. Aliniita mara kumi na moja.

Alinieleza kila kitu, akafungua faili lote. Kwa kuwa wakubwa hugonga mihuri wakisikiliza, nami nikagonga. Ukurasa kwa ukurasa. IMEPOKELEWA. IMEPOKELEWA. Mle ndani kulikuwa na karatasi moja. Hiyo sitakuambia ilisema nini. Hata kukuambia ingemsaidia nani ni kukuambia nusu yake. Utaona mbele kwa nini.

Mlango ukafunguka, mwanao akaingia amemshika mjukuu wako mkono. Akaniona kwenye kiti. Akaona muhuri mkononi. Yule bwana akanigeukia, akaniuliza, "Huyu ndiye karani wako?"

Mpwa wangu hakupandisha sauti. Alijitambulisha, akamwomba radhi, akamweleza kwamba wakili ni yeye, na kwamba kazi ile ofisi haiwezi kuipokea. Akamrudishia faili. Bwana akatutazama kwa zamu, akacheka kidogo. "Basi mzee wako anasikiliza kuliko mawakili wengi," akasema, akaenda zake. Mimi nilidhani yameisha. Nilidhani ni la kucheka Ijumaa.

"Jengo lipi, Mjomba?"

"Lile la njano karibu na tanuri la mikate."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Mtoto akaanza kuchora.

"Mjomba, ulikuwa unasimulia?"

"Hapana. Safari hii nilikuwa nasikiliza."

"Afadhali ungesimulia."

Nami, kwa kutaka kumfurahisha, nikamweleza ile karatasi. Yote, hadi saini ya mwisho. Nilimwambia kwa furaha, Dada, nikidhani nimemletea mawindo. Aliinua mkono kunizuia, lakini unajua mdomo wangu hauna breki ya mkono.

Sikujua kwamba jana yake, Jumatatu, pale getini shuleni, alikuwa ameongea na mama mmoja mshonaji ambaye mjukuu wake anasoma darasa moja na wetu. Mtaani tunamwita Fundi tu. Fundi na wapangaji wenzake, familia ishirini na moja, ndio watu wa jengo la njano. Mwanao alimwambia, njooni Jumatano, nitasimama nanyi. Hakuwa ameandika popote. Ilikuwa ahadi ya getini, kati ya mwanamke na mwanamke, huku akimfunga mtoto kamba za viatu.

Sheria ya mawakili, kama nilivyoelezwa taratibu mara tatu, ni hii. Mtu akikuletea siri zake akiamini wewe ni wakili, nawe ukazipokea, huwezi tena kusimama na adui yake. Si wewe wala mtu wa ofisi yako. Na alichokuambia hukisemi popote, hata ukifukuzwa, hata akifa. Muhuri wangu ulikuwa kwenye kila ukurasa na jina la ofisi chini yake. Kwa hiyo hakuweza kumfanyia kazi yule bwana, kwa sababu ya mstari wa kwanza ukutani. Na hakuweza kuwafanyia wapangaji, kwa sababu yangu.

Jumatano wakaja. Fundi mbele, wenzake sita nyuma, wamevaa nguo za kutokea. Mwanao akawaambia wamsamehe, hataweza, na sababu hawezi kuitaja.

Fundi akamtazama usoni. "Mwanangu, wamekununua?"

"Hapana, mama."

"Basi sema kilichotokea tangu juzi."

Akanyamaza. Na unajua, Dada, tajiri akinyamaza watu husema ana hekima, wakili akinyamaza mbele ya mnyonge watu husema amekula. Wakashuka ngazi. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Hata huyu." Maneno mawili tu hayo. Mwanao hajaimba tena kuanzia siku ile.

Aliandika kwa kamati ya maadili ya mawakili, akawaeleza kosa zima akalibeba yeye, jina langu hakulitaja, aliandika "mtumishi wangu, kwa uzembe wangu wa usimamizi." Akawauliza kama kuna mlango wowote. Wakajibu ukurasa mmoja na nusu. Mlango hakuna. Ajitoe pande zote mbili, afunge mdomo wake na wa mtumishi wake, na wanampongeza kwa uadilifu. Sijapata kuona mtu aliyelizwa na pongezi namna ile.

Nilimwambia mimi nitasema. Mimi si wakili, nina miaka sitini na moja, wanifunge. Akaniambia, "Mjomba, ukisema wewe, nimesema mimi. Na hakuna mteja atakayeniletea tena shida yake." Ndiyo maana nimeruka ile karatasi hapo juu. Mimi Redio, Dada, ambaye nilimwambia bibi harusi zawadi yake kabla haijanunuliwa, nimebeba neno moja miezi mitatu na sijalidondosha. Ni zito. Nalala nalo kama jiwe la figo.

Kesi ilisikilizwa mwezi uliopita. Tulikwenda, tukakaa benchi la nyuma. Haya nitakayoandika yalisemwa mbele ya watu wote, kwa hiyo si siri. Wapangaji walikuwa na wakili mwingine, kijana mwema, lakini ana kesi nyingi kama mtu aliyebeba mayai kwa vidole. Fundi alisimama akaeleza kwamba miaka ya nyuma mwenye jengo aliwaandikia barua kuwaahidi watakaa pale mpaka watoto wamalize shule, akaitia saini, na nakala yao ilitunzwa na mwenyekiti wao aliyefariki, vitu vyake vikatawanywa. Wakili wa yule bwana akainuka, akasema maneno manne: "Anayedai kuna barua, aitoe." Akakaa.

Mimi hapo sina la kuongeza, Dada. Nimesema sina la kuongeza.

Hakimu akangoja. Fundi akageuka, sijui alikuwa akimtafuta nani, macho yake yakapita juu yetu. Mwanao alikuwa ameshika ukingo wa benchi mpaka vidole vikawa vyeupe. Aliushika hivyo hadi hukumu iliposomwa.

Wametolewa Alhamisi iliyopita. Dalali wa mahakama alikuja na vijana na karatasi yake, vitu vikapangwa kando ya barabara: magodoro, masufuria, kabati lenye picha za watu wamevaa majoho. Nilikwenda kubeba. Sikwenda kwa wema, nilikwenda kwa sababu sikuweza kukaa. Nilibeba cherehani ya Fundi, ile ya chuma ya miguu, kutoka ghorofa ya tatu, mimi na kijana mmoja, na presha yangu hii. Tulipoitua chini Fundi akanipa maji.

"Mzee Redio," akasema, "watu wanasema hakuna neno la mji huu linalokupita. Hebu niambie mimi. Kwa nini binti yako alituacha?"

"Sijui kitu, mama."

Akanitazama nikinywa. "Leo," akasema. "Leo ndiyo hujui."

Nikamrudishia kikombe.

Siku ile ile jioni mwanao akaniambia amekubali kurudi ghorofa ya tisa. Walikuwa wakimpigia tangu zamani. Mkataba wa miaka miwili. Na huko, usijidanganye, kesi za majengo bila watu wanafanya kila wiki. Nilimwambia aniadhibu mimi, anifukuze, achukue karani mwenye cheti, ofisi ibaki. Akatikisa kichwa.

"Mjomba, ningekuwa kwenye kiti changu, yule bwana angenikuta mimi. Ningemjibu mlangoni. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Kamba za viatu zimezitoa familia ishirini na moja majumbani."

Nikamwambia si kamba, ni mdomo wangu na ule muhuri na ujinga wa kupenda kuitwa mheshimiwa.

"Wewe uko vile ulivyo," akasema, na alisema kwa upole, ndiyo maana liliniua. "Mimi ndiye niliyekuweka mlangoni nikijua ulivyo. Nilitaka kila kitu. Nilitaka kesi safi, na mtoto saa saba, na mjomba wangu karibu. Nimejenga kibanda cha matamanio nikakiita ofisi. Kule angalau hakuna anayeniuliza ninaamini nini. Nitapumzika."

Mtu anasema atapumzika mahali ambapo saa imekatwa vipande kumi. Mkwe wako alikuwa amesimama jikoni na sahani mkononi. Aliendelea kuikausha sahani ambayo ilikuwa imekauka.

Jana tumefunga vitu. Vitabu kwenye maboksi, bati la jina nimeling'oa mwenyewe, na sasa ndiyo limenyooka. Muhuri aliniachia. Sikuutaka. Nimeupeleka kwa fundi mihuri nikamwomba ausugue herufi, alidhani nataniana naye. Ile karatasi ya kanuni aliibandua, akaikunja mara mbili, akaitupa kwenye kapu la taka, akatoka kupeleka funguo zake, wangu nitaurudisha kesho. Mimi nikaiokota.

Sasa ombi langu, Dada, na ndilo lililonikalisha hapa tangu mchana. Mwandikie mwanao. Usimpigie, atakuambia yuko sawa, naye kwa hilo kakurithi, mnajua nyote wawili kusema mko sawa. Mwandikie kwa mkono wako. Barua hii itakufikia ameshaanza kazi, najua, na sikuombi umtoe. Mimi nakuomba umwambie neno moja tu, kwamba kwenda getini saa saba hakukuwa kosa. Mkwe wako akimwambia, ataona ni mume anayetaka mke nyumbani. Nikimwambia mimi, ataona ni mwizi anayetetea dirisha. Wewe ndiye pekee mwenye haki ya kusema, kwa sababu wewe ndiye uliyelipa kwa kutokuwepo. Ulikosa meno yake ya kwanza kung'oka. Ulikosa lile geti. Najua nakuchoma nikiandika hivi. Nisamehe, sina kijiti kingine cha kufukulia moto huu.

Maana leo asubuhi, Dada, nimepita kuwasalimu. Mwanao alikuwa akipiga pasi suti ya kesho. Mjukuu wako akanivuta shati hadi kwenye ukumbi, akaniinamisha, akaninong'oneza kwa lile pengo lake: "Babu, kuanzia kesho nianze tena kugusa mswaki?"

Nilitafuta mzaha. Wewe unajua sijawahi kukosa. Niliutafuta mfukoni, chini ya ulimi, nyuma ya sikio, sikuuona. Nikamwambia, "Uguse, mama. Na ukiwa mkavu, njoo kwangu." Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyepewa maelekezo ya kazi.

Ile karatasi ya kalenda nimeiweka humu ndani ya bahasha, imekunjwa vile vile alivyoikunja. Doa la chini ni la chai, ni langu. Ibandike hapo kwako, popote unapopita kila siku, na usimwambie unayo. Siku akiiuliza, hata ikiwa baada ya miaka kumi, umpelekee. Asipoiuliza kamwe, nizikwe nayo mimi.

Nisalimie shemeji na kofia yake ile, bado anadaiwa mchezo mmoja wa karata na mimi. Nisalimie kitinda mimba wako, mwambie masharubu ya kwanza yasimzuzue. Nisalimie Mama Mdogo Mcheshi ukimpata kwenye simu, na rafiki yako wa kazini anayekupikia ukiwa zamu. Hapa anakusalimu mkweo, mjukuu wako anayepiga mluzi, na mwanao pia anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe goti jipya au uvumilivu kwa la zamani, na mikono yako inayowafunika wazee wa watu wengine isikose siku ya kumfunika mtoto wa kwako.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye kuliko anavyojua kuandika, na ambaye sasa ananyamaza,

Redio.